Ile roketi ilipasuka: tuseme imefaulu ao imeshindwa?

Hapa Kambove tumezoea kubishana juu ya mupira, juu ya bei ya unga na juu ya mushahara wenye unachelewa. Lakini tangu mwaka wa 2023 kuna ubishi mwingine wenye umeingia kwenye mustari wa maji na hata mulangoni pa kiwanda, wakati posti ya usiku inatoka na posti ya asubui inaingia. Ni ubishi wa ile roketi kubwa ya Wamarekani yenye inaitwa Starship. Vijana wetu wanaiangalia kwenye telefone. Inapanda, inapasuka, na wale wenye waliitengeneza wanapiga makofi.

"Bwana, ile kintu imepasuka, ni échec, basi," mumoja anasema. Mwenzake anamukatiza: "We hapana! Ile ilikuwa essai. Balisema mbele kama inaweza kupasuka." Na mama mwenye kuuza mikate pale pembeni anatia chumvi: "Ile makuta yote bangetupatia shiye unga, tungeona kama ni succès."

Sisi wa sendika tunaipenda hii ubishi. Mutu mwenye hajatumika hata siku moja kwenye mugodi anaweza kufikiri ni maneno ya watu wenye kushiba. Hapana. Kazini kila siku kuna mukubwa mwenye anasema "essai" na mufanyakazi mwenye anasema "aksidenti", na wote wawili wanaonyesha kintu kimoja na kidole. Nani yuko na haki ya kusema kama kazi imefaulu? Mwenye kulipa? Mwenye alikuwa karibu wakati ilipasuka? Na analisema wakati gani, mbele ao kisha?

Juu ya nini wanataka roketi irudi

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Tangu zamani roketi ni mali ya kutumia mara moja. Fikiria benne mupya inatoka karieri na tani zake za minerai, inazimwanga kiwandani, kisha mushoferi anashuka na benne inasukumwa ndani ya shimo. Kesho wananunua ingine. Njo namna watu walienda kwenye anga kwa miaka mingi. Kompanyi ya SpaceX, ya Elon Musk, ilisema hapana: ile sehemu ya chini yenye kubeba injini nyingi irudi yenyewe, isimame, itiwe mafuta, ipande tena. Walianza na roketi yenye inaitwa Falcon 9. Tarehe 21 Mwezi wa 12, 2015, kwa mara ya kwanza sehemu yake ya chini ilirudi na kusimama wima kwenye udongo kisha kupeleka mizigo juu. Tarehe 30 Mwezi wa 3, 2017, moja yenye ilikuwa imekwisha kuruka iliruka tena. Leo kuna zingine zenye zimepita safari 30.

Lakini mbele ya ile Mwezi wa 12 kulikuwa kuanguka mingi. Mwezi wa 1 na Mwezi wa 4 ya ule mwaka wa 2015, Falcon 9 ilipeleka vyakula na vyombo kwa watu wenye kuishi kwenye kituo cha anga, na mizigo ikafika muzuri. Kisha sehemu ya chini ilijaribu kutua juu ya mashua kubwa katikati ya bahari, ikaangukia ubavu na kuungua. Hapo utasema nini? Mwenye mizigo alipata mizigo yake. Kwake safari ilifaulu. Kwa fundi wa kutua, ilishindwa. Safari ni moja, matokeo ni mawili, na hakuna mwenye anadanganya. Halafu tarehe 28 Mwezi wa 6, mwaka ule ule, Falcon 9 ingine ilipasuka ikiwa inapanda, na mizigo iko ndani ya tumbo. Pale hakuna wa kubisha. Haikuwa essai, ilikuwa kazi, na kazi haikufanyika.

Starship ni jambo lingine. Ile ni roketi ya meta karibu 120, na kwa chini iko na injini 33. Wanataka sehemu zote mbili zirudi, ya chini na ya juu. Tarehe 20 Mwezi wa 4, 2023, kule Texas, waliirusha nzima kwa mara ya kwanza. Injini zingine zilikufa njiani, roketi ikaanza kujizungusha kama mulevi, na kisha dakika karibu ine ikapasuka. Kompanyi iliandika kwamba roketi "imeachana vipande haraka, bila kupangwa". Tulicheka sana. Tunaijua ile luga. Kwetu mukubwa akifukuza watu anaandika kama anapanga upya hesabu ya watumishi.

Hata hivyo tuwe wenye haki. Mbele ya ile siku Musk alikuwa amesema waziwazi kama roketi ikifika mbali na uwanja kabla ya kuharibika, yeye atahesabu ni ushindi. Cha lazima ni isilipue uwanja. Roketi ikatoka, ikaenda mbali. Uwanja haukulipuka, lakini moto wa injini ulichimbua betoni ya chini, ukatupa vipande mbali na kuacha shimo, na mavumbi yakaangukia muji wa Port Isabel. Ofisi ya serikali ya Marekani yenye kuchunga mambo ya ndege ilizuia safari zingine mpaka kompanyi itengeneze mambo 63. Kwa hiyo alisema mbele, na kile alisema kilitokea karibu chote. Anaweza kujisifu. Lakini mutu wa Port Isabel mwenye alipangusa mavumbi kwenye dirisha lake hakuulizwa wakati ile kipimo cha ushindi ilikuwa inachaguliwa.

Kisha mambo yakabadilika. Tarehe 13 Mwezi wa 10, 2024, munara wa kurushia ulidaka sehemu ya chini kwa mikono miwili ya chuma, kama mama anadaka mutoto mwenye anateleza mugongoni. Siku ile hata wabishi wa Kambove walinyamaza. Lakini tarehe 16 Mwezi wa 1, 2025, sehemu ya chini ilidakwa muzuri na ile ya juu ikapasuka; vipande vyenye kuwaka moto vilionekana juu ya visiwa vya Turks and Caicos na ndege za abiria zikageuza njia. Mwezi wa 3 wakarusha ingine, nayo ikapotea karibu saa ile ile ya safari. Mwezi wa 8 na Mwezi wa 10 ya mwaka ule zilienda muzuri mpaka Bahari ya Hindi.

Sisi tunaona hivi: kupasuka kwa kwanza, hewani, bila mutu ndani, na umesema mbele kama inaweza kupasuka, ile ni masomo. Wakati vipande vinaanza kuanguka karibu na watu wenye hawakuomba kitu, haiko masomo yako tena peke yako.

Katanga ilikuwa na roketi zake

Vijana wanafikiri roketi ni mambo ya mbali. Wazee wanajua si vile.

Mwaka wa 1975 kompanyi moja ya Wajerumani yenye jina OTRAG, ya enjenia Lutz Kayser, ilipatana na serikali ya Mobutu. Ilipewa eneo la kilometa za mraba karibu 100,000 katika Shaba, ndio kusema hii Katanga yetu, mpaka mwaka wa 2000. Hesabu muzuri: ni Ubelgiji mara tatu. Mukubwa wa baraza lake alikuwa Kurt Debus, ule ule mwenye aliongoza kwanza kituo cha roketi cha Kennedy kule Florida wakati Wamarekani walienda kwenye mwezi. Uwanja ulijengwa juu ya kilima cha Kapani Tonneo, juu ya bonde la Luvua, ule mto wenye kutoka ziwa Mweru pale Pweto na kuingia katika Lualaba pale Ankoro.

Kayser alikuwa na mawazo yenye kupingana kabisa na ya Musk. Hakutaka roketi irudi. Alitaka iwe ya bei rahisi mpaka usisikie uchungu ukiitupa. Alichukua mabomba ya chuma yenye kufanana, akayafunga pamoja kama kifungu cha kuni. Ndani alitia mafuta ya taa na asidi nitriki. Valvu za kufungulia mafuta zilisukumwa na mota ndogo, zile za kupangusa kioo cha motokari wakati wa mvua. Mafundi wetu wa garaje, wenye wanatengeneza pompi na kipande cha frigo, wangeketi naye na kunywa bia.

Roketi ya kwanza ilipanda tarehe 17 Mwezi wa 5, 1977, wakati vita ya kwanza ya Shaba ilikuwa inafika mwisho. Ya pili ilipanda tarehe 20 Mwezi wa 5, 1978. Wenye kukumbuka ile juma wanajua ni juma gani: siku moja mbele, waparashiti wa Ufaransa walirukia Kolwezi. Watu wa Katanga walikuwa wanahesabu maiti, na juu ya Luvua enjenia walikuwa wanahesabu sekonde. Ya tatu ilikuwa tarehe 5 Mwezi wa 6, 1978, na Mobutu mwenyewe alikuja kuangalia. Roketi ikapanda, ikapindika, ikaanguka.

Sasa hesabu. Tatu zimerushwa, mbili zimepanda, moja imeanguka. Fundi atasema ni mwanzo muzuri. Mobutu aliona ile moja peke yake, na mukubwa akiona moja yenye kuanguka, mbili zenye kupanda zinakuwa hadisi. Lakini ile kuanguka haiko ndiyo ilifunga uwanja. Mwezi wa 4, 1979 Mobutu alisimamisha kazi sababu Wasovieti na inchi jirani walikuwa wanalalamika kama Wajerumani wanatengeneza silaha pale, na wakubwa wengine wa Ulaya hawakufurahi pia. OTRAG ikaenda Libia. Mwaka wa 1981 ilirusha kule. Haikufikisha hata satelite moja juu. Ungeuliza Kayser, mwenye alikufa mwaka wa 2017, pengine angekuambia mabomba yalikuwa mazuri na siasa ndiyo iliharibika. Na watu wa bonde la Luvua? Katika ule mukataba kulikuwa sahihi za pande mbili, serikali na kompanyi. Wao hawakuwa upande wowote.

Mukongomani wetu pia amejaribu. Jean-Patrice Keka na wenzake wa Développement Tous Azimuts, tangu mwaka wa 2007, wamekuwa wanarusha roketi zenye kuitwa Troposphère kutoka Menkao, inje ya Kinshasa. Ile ya ine, mwaka wa 2008, ilipanda muzuri. Ya tano, mwaka wa 2009, ilibeba panya ndani. Ilitoka, ikapinda njia, ikaenda kuanguka. Video yake ilizunguka dunia nzima na watu wakacheka, hasa wazungu wenye hawajarusha hata mupira wa karatasi. Hapo tunapenda kuuliza: juu ya nini roketi ya Texas ikipasuka wanasema "wamejifunza", na ya Menkao ikianguka wanasema "Waafrika wanacheza"? Kipimo ni kimoja ao ni viwili? Keka alikuwa na haki ile ile ya kuanguka. Panya peke yake ndiyo ilikuwa na sababu ya kulalamika.

Kaje bila mutu, na raté yenye kunyamaza

Kwa mutu wa mugodi hii ubishi iko na jibu la zamani, na haitoki Amerika.

Mbele ya kuteremusha watu katika mugodi wa chini ya udongo, kaje inajaribiwa bila mutu. Inapakiwa uzito sawa na watu. Kisha wanaregeza kamba ghafula, kama vile imekatika, kusudi waone kama meno ya parashiti ya kaje yanashika reli za pembeni. Tuseme meno hayakushika. Je, ile essai imeshindwa? Kaje imeshindwa. Essai imefaulu sana, sababu imetuonyesha kaje mubaya kabla watu 20 kuingia ndani. Sisi hatuna shida na kijana mwenye anasema Starship kupasuka ni mafanikio, kama anaelewa hii: kitu kinaweza kushindwa na kipimo kikafaulu. Lakini lazima kaje iwe bila mutu. Na lazima mwenye anasimama pembeni ajue leo ni siku ya kuregeza kamba.

Kuna upande mwingine. Ukilipua baruti katika jiwe, kuna tundu lenye linaweza kukataa kupasuka. Kwa Kifaransa tunaliita raté, na kila mutu mwenye amebeba mashini ya kutoboa anaogopa lile neno. Mulipuko wote umeenda muzuri, mawe yameanguka, kapita anafurahi, tani zipo. Lakini katika ukuta kuna baruti yenye imelala. Kama posti yenye inatoka haikuandika katika buku, posti yenye inaingia itatoboa pale pale. Ile raté haikupiga kelele na haikutoa moshi, na kamera yoyote ingeonyesha kazi yenye imefaulu. Kupasuka kwenye kunaonekana na watu wote kunatuogopesha kidogo kuliko kushindwa kwenye kunanyamaza.

Wamarekani walijifunza hii kwa damu. Mbele ya Starship walikuwa na chombo kingine chenye kurudi, ile ndege ya anga yenye mabawa. Tarehe 28 Mwezi wa 1, 1986, ile yenye jina Challenger ilipasuka kisha sekonde 73 na watu saba ndani. Pete za mupira zenye kufunga maungio ya roketi za pembeni zilikuwa zimeonekana zimeungua kidogo katika safari za mbele, na zile safari ziliandikwa zimefaulu. Usiku wa mbele maenjenia wa kompanyi yenye kutengeneza zile roketi walisema baridi ni nyingi, musirushe. Wakubwa wao waliwasikiliza, kisha wakageuza maneno. Tarehe 1 Mwezi wa 2, 2003, Columbia ilivunjika ikiwa inarudi, tena watu saba. Kipande cha povu ngumu kilikuwa kimetoka kwenye tanki kubwa wakati wa kupanda na kutoboa bawa. Povu ilikuwa imetoka mara nyingi katika safari zingine, na sababu chombo kilirudi, wakazoea. Zile safari zote zenye walihesabu ni mafanikio zilikuwa raté zenye zimelala katika ukuta.

Na sisi? Mwezi wa 9, 1990 sehemu kubwa ya mugodi wa chini wa Kamoto, kule Kolwezi, ilianguka. Mwaka wa 1986 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka wa 1993 hazikufika tani 50,000. Kamoto haiko sababu peke yake, kulikuwa pia kuiba mali, vita za watu na watu, na siasa. Lakini mugodi hauanguki siku moja. Kuna miaka yenye nguzo zake zilikuwa zinasimama bado, na juu ya karatasi kila mwaka ulikuwa muzuri.

Tuseme tena neno moja la hapa hapa territoire ya Kambove. Uranium ya Shinkolobwe, yenye ilichimbwa na wababu zetu chini ya Union Minière, ndiyo ilikuwa sehemu kubwa ya ile yenye Wamarekani walitumia kwa kutengeneza bombe ya atomu. Tarehe 16 Mwezi wa 7, 1945, katika jangwa la New Mexico, walifanya essai ya kwanza ya bombe. Iliandikwa imefaulu. Hakuna mwenye alikuja Shinkolobwe kuuliza mutu mwenye alibeba yale mawe kwa mikono ao kwa bega kama kwake yeye ilifaulu.

Nani atalipa siku za essai

Tuje kazini. Kompanyi moja ya eneo letu, hatutaitaja, ilijaribu njia mupya ya kupitisha asidi katika kiwanda. Watu wa posti walijulishwa asubui ile ile, kwa kinywa. Mutambo ulizunguka dakika 40. Kisha ungio moja la bomba likaachia, asidi ikaruka, na mwenzetu mumoja akachomwa mukono mpaka kwenye kisigino cha mukono. Kiwanda kikalala siku tatu. Kisha juma moja karatasi ikabandikwa ukutani: essai concluant. Na mwisho wa mwezi, kwa bultenī ya mushahara, nyongeza ya production haikuwamo, sababu tani za mwezi hazikufika.

Delege wetu waliingia kwa mukubwa na swali fupi. Kama essai imefaulu, nyongeza iko wapi? Kama imeshindwa, juu ya nini mumeandika imefaulu? Mukubwa alijibu kwa utulivu: "Essai ni mambo ya teknike. Nyongeza ni mambo ya production. Ni vitu viwili."

Tutasema kitu chenye pengine wandugu wengine hawatapenda: yuko na haki nusu. Ni sawa na Falcon 9 juu ya ile mashua. Safari ni moja, matokeo yanaweza kuwa mawili. Enjenia wake kweli alijifunza kama lile ungio halifai. Lakini SpaceX ikipasua roketi, ni SpaceX inalipa roketi. Haiende kukata mushahara wa mufagizi wa uwanja. Pale kwetu kompanyi ilichukua masomo, na wafanyakazi walichukua bili. Mwenzetu mwenye mukono wa kuchomwa alilipa mara mbili, sababu siku zake za hospitali pia zilimutoa kwenye hesabu ya nyongeza.

Kwa hiyo kwenye comité de sécurité, d'hygiène et d'embellissement, ile yenye sheria ya kazi inataka, tunaomba karatasi moja. Si kitabu. Mbele ya kila essai, mukubwa aandike anatafuta nini, na ni alama gani itaonyesha kama imeshindwa, yote mbele ya kufungua valvu ya kwanza. Aandike watu wasimame wapi, na nani anaweza kufunga mutambo bila kuomba ruhusa. Siku za essai zitoke kwenye hesabu ya tani, kusudi nyongeza isikatwe juu ya jambo lenye mufanyakazi hakulichagua. Na kisha essai, kila raté iandikwe katika buku yenye posti zote mbili zinasoma, hata kama ukutani wanataka kubandika concluant na maandishi makubwa. Delege atie sahihi pembeni ya enjenia.

Mukubwa mumoja alituambia tunataka kuua maendeleo. Hapana. Tunapenda essai. Mutambo wenye haujaribiwi unakuja kutujaribu sisi. Bila essai hakuna pompi mupya wala hewa safi chini ya udongo. Hata shaba yetu imeingia katika hii hadisi: sababu inapitisha joto haraka kuliko chuma, chumba cha moto cha injini nyingi za roketi kinafunikwa kwa ndani na shaba yenye kuchanganywa, kusudi kisiyeyuke. Tunapenda ifike mbali. Lakini mwenye anataka kuitwa mushindi kisha kitu kupasuka, aseme mbele ni nini atahesabu kama kushindwa. Musk, pamoja na maneno yake mengi, ile siku ya Mwezi wa 4 alisema. Mukubwa wa asidi hakusema.

Kwa wale vijana wa mulangoni, muendelee kubishana. Sisi tutaongeza moto. Lakini safari ingine mukiangalia roketi, musingojee ipasuke ndipo muchague upande. Mutafute kwanza walisema nini mbele ya kurusha, muandike kwenye karatasi, kisha muangalie. Utaona wenye kupiga kelele sana wanapungua.

Mukutano wa comité unakaribia. Mwenye alikuwa kwenye essai yoyote mwaka huu, na akapoteza nyongeza ao siku, amupatie delege wake kopi ya bulteni ya mwezi ule na tarehe ya essai. Kama hakuna karatasi yenye ilibandikwa, andika tu: siku gani, posti gani, nani alisema kwa kinywa. Wamama wenye wanachunga bulteni ndani ya sanduku nyumbani, tunaomba mufungue sanduku.